Saa Asiyoijua Mwana

Kuna nakala ya kale ya Biblia ya Kigiriki iliyokaa karne nyingi katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, chini ya Mlima Sinai. Ni kitabu cha ngozi cha karne ya 4, maandishi yamepangwa safu nne kila ukurasa, na sehemu yake kubwa leo iko London. Katika Injili ya Mathayo sura ya 24, Yesu anawaambia wanafunzi kwamba siku ya mwisho na saa yake hakuna aijuaye, si malaika wala Mwana, isipokuwa Baba. Mwandishi wa kwanza aliyaweka maneno yale, "wala Mwana". Baadaye akaja msahihishaji, akayafuta. Akaja mwingine nyuma yake, akayarudisha.

Mikono mitatu juu ya ngozi moja. Aliyefuta huenda alikuwa na nakala nyingine mbele yake isiyo na maneno hayo, maana za namna hiyo zilikuwepo nyingi. Lakini Marko naye anaisimulia kauli ileile katika sura ya 13, na huko karibu nakala zote za kale zinayo. Marko hakuacha mwanya wa kupenya.

Huku kwetu mstari huu hauhitaji kutambulishwa. Aliyewahi kusimama kwenye mhadhara wa dini Dar es Salaam, mhubiri wa Kiislamu akiwa na Biblia mkononi na Mkristo akingoja zamu yake ya kujibu, ataukumbuka. Swali huwa ni moja: Mungu gani huyo asiyejua saa? Watu wakapiga kelele, vipaza sauti vikakoroma, jibu likatolewa. Wengi wa wanaojibu, na wengi wa wanaouliza, hawana habari kwamba hoja zao zilikwisha kushindana Misri zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita, na kwamba safari hiyo pande zote mbili walikuwa Wakristo.

Ugomvi ulianzia Aleksandria, mji wa bandari, wa meli za ngano na watu wenye maneno mengi. Padri Arius, aliyehudumia kanisa la mtaa wa Baukalis, alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, ila naye ameumbwa. Mafundisho yake yalitiwa katika nyimbo za mabaharia na wasaga nafaka, yakaenea kuliko hotuba yoyote ya kanisani. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulimkataa, lakini wafuasi wake hawakunyamaza, na mstari wa saa ukawa mkuki wao. Baba anajua, Mwana hajui. Ajuaye na asiyejua watakuwaje sawa?

Aliyesimama kuwajibu ni Athanasius, askofu wa Aleksandria tangu 328, mtu aliyefukuzwa katika mji wake mara tano na kuishi uhamishoni jumla ya miaka kama 17. Jibu lake ni rahisi kulieleza. Neno wa Mungu alitwaa mwili wetu, na mwili wetu huona njaa, huchoka, hulala. Kutojua nako ni katika hayo. Kama Mungu alijua. Kama mtu alisema hajui, kwa kuwa kutojua ni kwa watu. Ukilisoma haraka linaridhisha. Ukilirudia unaanza kujikuna kichwa: je, kweli hakujua, au alisema tu kwamba hajui?

Waliofuata walilishika kila mmoja kwa upande wake. Basili wa Kaisaria alisoma mstari kwa maana kwamba Mwana naye asingeijua siku ile kama si Baba, chemchemi ya yote aliyo nayo Mwana. Ambrosi wa Milano alikata mzizi kabisa: nakala za zamani za Kigiriki, alisema, hazikuwa na "wala Mwana", ni watu wamechomeka. Augustino akasema Mwana hajui kwa maana ya kwamba hatujulishi. Hii ya Augustino Mswahili anaielewa mara moja. Mtoto anamwuliza bibi yake watu wanaongea nini chumbani, bibi anasema "sijui", na mtoto anajua kabisa kwamba bibi anajua. Ni jibu la busara. Tatizo ni kwamba limegeuza "sijui" kuwa "sisemi", na Marko hakuandika "sisemi".

Waliobishana hivi na wafuasi wa Arius walikuwa na adui mmoja, kwa hiyo hawakulazimishwa kulimaliza jambo. Walilazimishwa wajukuu wao.

Mwaka 451, Mtaguso wa Kalkedonia uliamua kwamba Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu. Wamisri wengi waliikataa kauli hiyo. Walikiri asili moja ya Neno aliyefanyika mwili, na waliona kusema "mbili" ni kumpasua Kristo katikati. Kaisari alipowageukia wapinzani wa Kalkedonia mwaka 518, patriaki wa Antiokia, Severus, alikikimbia kiti chake na kujificha Misri, na Julian askofu wa Halikarnaso akafanya hivyohivyo. Wakimbizi wawili wa imani moja, mji mmoja. Haukupita muda wakakorofishana. Julian alifundisha kwamba mwili wa Yesu haukuwa na uharibifu tangu tumboni mwa Mariamu. Akiona njaa au maumivu, ni kwa kupenda kwake, si kwa kushikwa na sheria ya mwili. Severus alikataa katakata. Mwili ule, alisema, ulikuwa kama wetu mpaka asubuhi ya ufufuo: ukikosa chakula unanyong'onyea, ukipigwa msumari unauma.

Aleksandria ikagawanyika. Na hapo ndipo anapoingia mtu ambaye historia imemtendea vibaya, shemasi Themistius.

Themistius alikuwa upande wa Severus. Alimwendea patriaki wake, Timotheo, na swali lililofuata njia ileile ya Severus hatua moja mbele. Kama mwili wa Kristo ulichoka kama wetu, basi na akili yake? Mtu si nyama na mifupa tu. Kama tumekubali kwamba njaa yake ilikuwa njaa ya kweli, kwa nini "sijui" yake isiwe "sijui" ya kweli? Shemasi alikuwa na mistari miwili mkononi. Mmoja ni huu wa saa. Wa pili ni wa Bethania, Injili ya Yohana sura ya 11, Yesu alipofika msibani kwa Martha na Mariamu akauliza ndugu yao amewekwa wapi.

Tukae kidogo pale Bethania, kwa sababu sura yenyewe ina jambo la ajabu. Yesu alikuwa mbali, ng'ambo ya Yordani, aliposema waziwazi kwamba Lazaro amekufa, na hakuna mjumbe aliyemletea tanzia. Waliotumwa walisema tu kwamba ni mgonjwa. Basi alijua kifo bila kuambiwa. Lakini alipofika kijijini, siku ya nne ya maziko, watu wamejaa, dada wa marehemu analia miguuni pake, anauliza kaburi liko wapi kama anavyouliza mgeni yeyote aliyechelewa kuzika. Wakamwambia njoo uone. Akalia. Mwinjili yuleyule ameweka kujua na kutojua katika msiba mmoja, na hakujisumbua kutueleza vimekaaje pamoja.

Wenye asili mbili walikuwa na pa kutorokea. Wangeweza kusema: asili ya kibinadamu haikujua, asili ya Kimungu ilijua, mambo yamekwisha. Themistius alikuwa mtu wa asili moja, na hakuwa na milango miwili. Kwake aliyejua na asiyejua ni mmoja yuleyule: kwa Umungu wake anajua yote, kwa utu wake yako asiyoyajua, na anayesema "sijui" ni Kristo mzima. Hakukusudia kumshusha Yesu. Kwa maoni yangu alikuwa analinda machozi ya Bethania yasigeuzwe kuwa maigizo.

Patriaki Timotheo alikataa. Themistius akajitenga. Kisha, mwaka 535, Timotheo akafa, na maziko yake yakageuka uwanja wa vita. Wakubwa wa mji, wakiungwa mkono na watu wa Theodora, mke wa Kaisari Justinian, walimsimika Theodosius, mfuasi wa Severus. Umati uliompenda Julian ukamfukuza na kumweka Gaianus. Gaianus alikaa siku 103. Ilibidi Kaisari alete askari chini ya Narses kumrudisha Theodosius kitini, na mitaa ikapiganwa nyumba kwa nyumba. Wanawake walipanda juu ya mapaa na kuwatupia askari kila walichokipata. Narses alipoona upanga hautoshi, alitumia moto.

Watu walichomeana mji kwa sababu ya swali kama mwili wa Kristo ungeweza kuoza! Msomaji wa leo hucheka hapa. Asicheke sana. Nyuma ya swali lile kulikuwa na nani anateua askofu, nani anashika mali ya kanisa, na kama Mmisri ataamriwa cha kuamini na mtu wa Konstantinopoli.

Theodosius alikalia kiti hicho cha moto kwa muda wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha akaitwa Konstantinopoli, akakataa kuikubali Kalkedonia, akavuliwa cheo. Aliishi huko kama mfungwa mwenye heshima kwa takriban miaka 30, chini ya ulinzi wa Theodora hadi malkia huyo alipofariki 548, na yeye mwenyewe akafa 566. Angeweza kunyamaza. Badala yake alitumia sehemu ya uhamisho wake kumwandama Themistius kwa kalamu, akimwandikia hata Theodora juu ya jambo hilo. Hoja yake: utu uliounganishwa na Neno hauwezi kubaki gizani. Tukisema Kristo hakujua, tunasema kwa mazoea ya lugha tu, kwa kuwa amejihesabu pamoja na sisi tusiojua. Rafiki wa Severus aliyepigania njaa ya kweli hakuwa tayari kupigania ujinga wa kweli. Njaa haina aibu. Kutojua, machoni pa Wagiriki waliolelewa kwa falsafa, kulikuwa na aibu kuliko kidonda.

Wafuasi wa Themistius walipewa jina na maadui zao: Agnoetai, yaani Wasiojua. Ni jina la kejeli, na limeganda. Vitabu vya shemasi mwenyewe vimepotea. Maneno yake yametufikia vipandevipande, vingi kupitia mikono ya waliomlaani.

Fundisho lilivuka mpaka wa madhehebu. Kufikia mwisho wa karne ya 6 lilikuwa limewapata watawa wa jangwani karibu na Yerusalemu, na patriaki wa Aleksandria wa upande wa Kalkedonia, Eulogius, akaandika kulipinga. Maandishi yake aliyapeleka Roma kwa rafiki yake Papa Gregori Mkuu. Urafiki wa wawili hawa unapendeza. Barua zao zinachanganya theolojia na mbao: Gregori alimwandalia Eulogius magogo makubwa, merikebu iliyotumwa kuyachukua ikawa ndogo. Humohumo katika barua hizo, mwaka 600, Gregori akatoa hukumu yake juu ya Wasiojua. Hekima iliyoumba siku zote itakosaje kuijua mojawapo? Swali la Bethania, alisema, lisikusumbue, kwani hata katika bustani ya Edeni Mungu aliuliza Adamu yuko wapi. Kristo aliijua siku ile katika asili ya utu wake, lakini hakuijua kutokana na asili hiyo. Aliongeza kwamba mtu asiye mfuasi wa Nestorius, yaani asiyempasua Kristo kuwa wawili, hawezi kuwa Asiyejua.

Hilo la mwisho ni kosa la wazi. Themistius alikuwa mbali na Nestorius kuliko Gregori mwenyewe. Lakini Gregori alikuwa Roma, Kigiriki hakukijua ingawa alikaa Konstantinopoli miaka kadhaa, na hukumu yake ndiyo iliyosafiri. Karibu na wakati huohuo, kijitabu cha Kigiriki kinachochambua madhehebu kilisema kitu tofauti kabisa: mababa wengi, karibu wote, wanaonekana kusema kwamba Kristo kama mtu yako asiyoyajua, na si vema kulichokonoa jambo hili mno. Sauti hiyo haikusikika.

Mwaka 649 Papa Martino wa Kwanza aliita mtaguso katika kanisa la Laterano, ukatoa orodha ndefu ya wazushi wa kulaaniwa. Themistius yumo. Theodosius naye yumo, majina machache tu kabla yake. Waliokuwa wametupiana laana kwa miaka mingi wakafungwa katika mzigo mmoja.

Karne za kati nazipitia mbio. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza hata kile ambacho Aleksandria haikukiuliza waziwazi: je, Yesu alikuwa na imani? Akajibu hapana. Imani ni ya mambo yasiyoonekana, na nafsi ya Kristo ilimwona Mungu uso kwa uso tangu siku ya kwanza ya kuchukuliwa mimba. Anayeona haamini, anaona. Hata hivyo ni huyu Tomaso aliyefanya jambo ambalo wasomi hulifanya kwa nadra. Ujanani alikuwa ameandika kwamba Yesu hakujifunza kitu kipya kwa uzoefu. Katika kitabu chake kikubwa alikubali kwamba alijifunza, na akaandika bila kuficha kwamba mahali pengine alisema vingine. Luka alikwisha kusema mtoto alikua katika hekima. Mzee Tomaso alimpisha Luka. Roma haikufuata njia hiyo mbali: mwaka 1918 ofisi ya mafundisho ilitangaza kwamba si salama kufundisha kuwa Kristo duniani huenda hakumwona Mungu uso kwa uso.

Wakati huo, kwa upande wa Waanglikana, swali lilikuwa limefufuka kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1889, Oxford, Charles Gore, mkuu wa nyumba ya wasomi iliyoanzishwa kumkumbuka mwanatheolojia Pusey, alihariri kitabu kiitwacho Lux Mundi. Wataalamu wa Biblia walikuwa wanasema Zaburi ya 110 si ya Daudi. Yesu katika Injili anaitaja kuwa ya Daudi. Gore akasema Yesu aliongea ndani ya ujuzi wa watu wa zama zake, kwa kuwa alikubali mipaka ya akili ya mtu. Mzee Liddon, aliyemsaidia Gore kupata kazi ile, alivunjika moyo, akafa mwaka uliofuata.

Na jibu lenye nguvu kuliko mengi liliandikwa Unguja.

Frank Weston alifika Zanzibar 1898, akitumwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, na kuanzia 1901 alikuwa mkuu wa chuo cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani, nje kidogo ya mji. Wanafunzi wake walitoka pwani na bara, na historia ya chuo chenyewe ilianza na watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kanisa kuu la misheni, Mkunazini, lilisimama palepale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Utumwa wenyewe ulikuwa umeondolewa na amri ya mwaka 1897 tu, na nusunusu. Katika mji huo, kati ya vipindi vya darasani na joto la kaskazi, Weston aliandika kitabu alichokiita The One Christ, kikachapishwa 1907. Mwaka uliofuata akawa askofu wa Zanzibar.

Weston hakuwataka wale waliosema Mwana aliviacha mbinguni vile vya Kimungu, kama mtu avuaye koti. Wala hakuridhika na Kristo mwenye fahamu mbili, moja inajua saa, nyingine haijui, zimekaa chumba kimoja bila kusalimiana. Yeye alisema hivi: Mwana alitwaa nafsi ya mtu na kujiwekea sheria, kwamba katika maisha hayo hatajua wala kutenda lolote ila lile ambalo nafsi ile inaweza kulibeba. Uwezo upo; umezuiwa na mwenyewe, kwa upendo, kila dakika. Basi "sijui" ni kweli tupu. Themistius, nadhani, angemkumbatia, kisha angeanza kubishana naye.

Alitoa mifano kadhaa. Mmoja ni wa mwana wa mfalme anayeacha jumba la kifalme akaishi na vibarua kama kibarua, asipokee kwa baba yake chochote ambacho kibarua asingeweza kupokea na kukitumia. Weston mwenyewe hakuwa mtu mpole. Mwaka 1913 aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi baada ya mkutano wa Kikuyu wa kushirikiana na Waprotestanti wengine, na Uingereza nzima ikatikisika. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, mwaka 1916 aliongoza wapagazi wa Zanzibar kwenda bara, na mwaka 1920 akachapisha kijitabu kikali dhidi ya kazi za kulazimishwa walizotwishwa Waafrika na serikali yake mwenyewe. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, damu yake ikiwa imeingia sumu kutokana na jipu.

Mfano wake mwingine ni wa Fransisko wa Sales, padri aliyewaungamisha wazazi wake mwenyewe. Weston alijua kwamba mifano yote ya namna hii inapwaya mahali, lakini huu ndio ulionikaa. Mama amepiga magoti kwa mwanawe, amesema aliyokuwa nayo moyoni, ameondolewa dhambi. Aliyoyasikia padri pale, mwana hawezi kuyatumia nyumbani, wala kuyakumbusha, wala kuyaonyesha usoni. Jioni wamekaa mezani. Mama anampakulia, anamwuliza mbona hali vizuri leo, na mwana anamtazama kwa macho ya mtoto asiyejua kitu.